Utamu Usiojua Kusubiri

Ndizi za pombe si za kula. Ukizing'ata zikiwa mbivu unapata utamu mara moja, halafu ukakasi unakausha ulimi mpaka unatema. Kwa mkulima wa Ngara ukakasi huo si kasoro. Ndio unaoishika nyama ya ndizi isivurugike kuwa uji pale inapokandwa, hivyo maji yake yakatoka peke yake, safi, mepesi, matamu kuliko muwa. Ndizi laini ya kula, ukiikanda vilevile, inakupa rojo tu.

Kazi yenyewe haina haraka. Linachimbwa shimo, linatandikwa majani ya migomba, mikungu inapangwa humo, kisha unawashwa moto pembeni ili joto na moshi viingie, na juu panafunikwa majani na udongo. Baada ya siku kadhaa mtu anafukua kidogo na kunusa. Zikiwa tayari zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa, zinachanganywa na nyasi kavu, na wenye nguvu wanaanza kukanda au kukanyaga. Mwanzoni huoni kitu, ni ute na nyasi tu. Kisha ghafla povu linapanda, nyasi zinalowa, na maji ya ndizi yanajikusanya chini ya mtumbwi. Hapo watoto wanakuwa wameshasogea na vikombe, na hakuna anayewafukuza. Hiyo ni sehemu yao.

Wazee hawasogei. Kwao kinywaji bado hakijakuwa kinywaji. Kinachujwa, kinaongezwa maji kiasi, kinatiwa unga wa mtama uliokaangwa, kinafunikwa mahali penye joto, na hapo utamu unaanza kuliwa na chachu. Kesho yake kinachemka bila moto. Siku inayofuata ukali umepanda na utamu umerudi nyuma, umebaki kama harufu. Hapo ndipo watu wazima wanaketi na mirija yao ya matete. Pombe iliyoletwa mbele ya wakwe ikiwa bado tamu ilionyesha kwamba mwenye nyumba aliharakisha, au aliwadharau.

Jambo hili ndilo mhimili wa historia ya ladha katika nchi ya Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza, yaani wilaya za Ngara na Biharamulo za leo, mkoani Kagera. Utamu haukuchukiwa. Ila ulihesabiwa kuwa kituo cha njiani: wa watoto, wa mgonjwa, wa mama aliyejifungua, wa saa moja kabla ya kitu kukomaa. Muwa ulitafunwa shambani na maganda yakatemwa palepale. Togwa ilinywewa mchana. Ladha ya ukubwani ilikuwa uchachu, ukali wa pombe, uchungu wa mboga za majani, na zaidi ya zote chumvi.

Chumvi ndiyo iliyosafiri. Chemchemi za Uvinza, kusini kabisa kwenye bonde la Malagarasi, zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mizigo yake ilipanda kaskazini kupitia Buha. Kutoka upande wa pili ilikuja chumvi ya Katwe, kwenye ziwa la volkano lililoko Uganda ya leo. Wahunzi wa Uzinza walifua majembe, na majembe yakabadilishwa kwa vitu vya mbali. Sijasikia msafara wowote wa zamani katika nchi hii uliojitwisha sukari. Utamu ulipatikana nyuma ya nyumba, chumvi ilibidi uifuate.

John Hanning Speke na James Grant walipita hapa mwaka 1861 wakielekea Karagwe na Buganda. Katika nchi ya Usubi, ambayo Speke aliiandika Usui, walikwama wakilipa hongo kwa mtemi Suwarora, aliyewakamua vitambaa, shanga na nyaya bila hata kuwatokea ana kwa ana. Ukisoma orodha ya walivyotozwa unapata picha nzuri ya tamaa za wakati ule: vya kuvaa, vya kung'aa, vya kufulia. Kitu cha kulamba hakimo. Huko mbele, Karagwe kwa Rumanika, Speke alikuta wake wa ikulu wakinenepeshwa kwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama. Hata unene wa heshima haukupitia njia ya sukari.

Utamu pekee uliokuwa na heshima kamili ni asali. Miombo ya Biharamulo ni nchi ya nyuki. Mizinga ya magome na ya magogo ilitundikwa mbali na nyumba, na mlinaji alikwenda usiku na mwenge wa moshi, akarudi na asali na maumivu. Asali ilikuwa dawa ya kikohozi na ya kidonda, lakini sehemu kubwa ilikwenda kule kule kwenye chachu: pombe ya asali ilikuwa kinywaji cha wakubwa. Nta nayo ikapata soko, kwa kuwa Wajerumani na baadaye Waingereza waliisafirisha Ulaya.

Halafu yakaja malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa huu ulisambaa katika nchi yenye mbung'o magharibi mwa Tanganyika, na Biharamulo haikusalimika. Serikali ya Kiingereza iliamua kuwahamisha watu waliotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ambako vichaka vilifyekwa. Kwa madaktari mantiki ilikuwa wazi: anayeingia pori la mbung'o anarudi na vimelea, na warina asali na wakusanya nta walikuwa miongoni mwa waliokabiliwa na hatari zaidi. Kwa mlinaji maana yake ilikuwa kwamba mizinga ya baba yake imebaki upande wa marufuku. Pori lenyewe halikurudi tena mikononi mwa vijiji. Lilipita katika sheria za hifadhi moja hadi nyingine, na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato.

Hapa nataka kutoka kidogo nje ya Kagera, niende China, maana kuna jambo linalofanana mno na la kwetu hadi linapofika njia panda.

Katika karne ya 6 ofisa mmoja wa kaskazini mwa China, Jia Sixie, aliandika kitabu kikubwa cha kilimo na mapishi ya nyumbani. Ndani yake ameeleza namna ya kutengeneza kitu kitamu kutokana na nafaka: unaotesha mbegu, unaikausha iwe kimea, unaichanganya na nafaka iliyopikwa, unaiacha katika uvuguvugu. Mama yeyote wa Ngara anayetengeneza togwa ya mtama angeifuata kazi hiyo bila kuuliza swali. Vimeng'enya vya kimea vinavunja wanga na kuugeuza sukari, China na Ngara vilevile. Tofauti inakuja baadaye. Mchina alichuja yale maji matamu, akayaweka motoni na kuyachemsha mpaka yakawa sharubati nzito inayoweza kukaa miezi. Kwetu yaliachwa yachachuke. Yeye aliusimamisha utamu, sisi tuliupeleka mbele. Sioni aliyekosea. Nchi yenye baridi kali na maghala inahitaji kitu kinachokaa. Nchi ambayo mgomba unazaa mwaka mzima inahitaji kitu kinachokusanya watu Jumamosi.

China haikuishia kwenye kimea. Mwaka 647 mfalme Taizong wa enzi ya Tang alituma watu Magadha, India, wajifunze kuchemsha maji ya miwa. Waliporudi aliagiza miwa ya Yangzhou ijaribiwe kwa utaalamu huo, na kumbukumbu za ikulu zinajisifu kwamba sukari iliyotoka iliwashinda Wahindi kwa rangi na ladha. Na bado, baada ya kuumiliki ufundi huo kwa karne nyingi, Wachina walibaki na tahadhari. Kwao utamu ni mojawapo ya ladha tano, unahusishwa na ardhi na katikati ya mwili, na kazi yake ni kuzisawazisha zile nyingine. Hata leo Mchina akiila keki na kuisifu, mara nyingi sifa ni kwamba si tamu sana. Mzee wa mtumbwini, yule asiyesogea na kikombe, angemwelewa.

Turudi nyumbani. Sukari nyeupe iliingia Tanganyika kwa mlango wa mashamba ya pwani. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu, yakifanyiwa kazi na watumwa; Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Kuanzia miaka ya 1930 kiwanda cha TPC kule Arusha Chini kilizalisha sukari chini ya mlima Kilimanjaro, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kilombero ikafuata. Kwa Ngara yote hayo yalikuwa mbali sana. Kitu kilichoileta sukari mpaka juu ya milima ya Bugufi, huko Ngara, ni kahawa kwa upande mmoja na wokovu kwa upande mwingine.

Kahawa iliwapa wakulima wa Bugufi fedha taslimu, na katika miaka ya 1930 walikwishaunda chama chao cha ushirika. Ni ajabu ndogo ya historia: watu walipanda zao chungu, wakaliuza, wakanunua kitu kitamu. Kahawa yenyewe hawakuinywa.

Wokovu ulikuja kutoka ng'ambo ya mto Kagera. Huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, uliwaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 ule uamsho wa Kianglikana ambao baadaye ulienea Afrika Mashariki yote. Ukafika Katoke, kusini mwa Bukoba, kabla ya vita kuu ya pili, na ukaota mizizi Ngara, ambako wamisionari wa CMS kutoka Australia walikuwa na kituo Murgwanza. Walokole, yaani waliookoka, waliungama hadharani, wakarudisha walivyoiba, na wakaacha pombe. Hili la mwisho halikuwa jambo dogo. Kuacha pombe katika nchi hii kulikuwa ni kuacha posa, matanga, kazi za ujima, kikao cha wazee na mgeni mlangoni, kwa sababu vyote vilifungwa kwa mtungi mmoja. Ilibidi kitu kingine kiwekwe mezani, na kilichowekwa kilikuwa chai. Chai ya rangi, moto, yenye sukari ya kutosha. Waislamu wa mjini Biharamulo walikuwa wameshaitangulia njia hiyo kwa sababu zao wenyewe, na vitumbua na maandazi juu.

Nafikiri hapo ndipo msimamo wa watu kuhusu utamu ulipogeuka, na uligeuka kwa haraka kuliko imani yenyewe. Kinywaji kitamu kilikuwa cha mtoto. Sasa kikawa cha mwinjilisti, mwalimu, karani na bwana afya. Sukari haikuhitaji shimo, nyasi wala siku tatu. Ilihitaji shilingi. Na kwa kuwa ilihitaji shilingi, kiasi chake kikombeni kikawa kipimo cha heshima: mgeni aliyetiwa vijiko vinne alipendwa, aliyetiwa kimoja aliondoka akiwaza. Mpaka leo anayekwenda kumwona mgonjwa au mfiwa hubeba kilo ya sukari mkononi, na hakuna anayeuliza kama mgonjwa ana kisukari. (Aulizwe. Hilo nalisema kwa uzito.)

Mkoa wenyewe ulipata kiwanda chake, Kagera Sugar, katika nyika ya kaskazini ya mto Kagera, ambayo leo ni Missenyi. Vita vikakifuata huko huko. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo lote la kaskazini ya Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka, na kiwanda kikaharibiwa na kuporwa. Tanzania ilishinda vita mwaka 1979 na ikaingia katika miaka ambayo kila aliyekuwa na akili wakati huo anaikumbuka kwa foleni. Sukari iligawiwa kwa majina, kilo moja kwa kaya pale ilipopatikana, katika duka la kijiji. Uji ukatiwa chumvi. Chai ikanywewa kavu, au kwa kipande cha sukari guru mkononi. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofukuliwa mashimoni na kutupwa mitoni usiku na waliozificha. Ngara, yenye mipaka na Rwanda na Burundi, iliishi kwa njia za panya: kahawa ikatoka usiku, sabuni na sukari zikaingia alfajiri. Mpaka bajeti ya mwaka 1984 ilipoanza kulegeza uagizaji, kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kuitazama sukari kama dhahabu. Kizazi hicho ndicho kilichokuja kuwatilia watoto wake vijiko sita.

Kisha wakaja wakimbizi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni iliyojenga barabara, ikawa kwa miezi kadhaa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Posho ilikuwa mahindi, maharage na mafuta. Misitu ya kuni ilikwisha, migomba ya wenyeji iliibwa, na wakati huohuo soko la Benaco likaja kuwa mahali pa kununulia kitu chochote. Baadaye Warundi wakakaa Lukole miaka mingi. Wenyeji na wakimbizi hawa walikuwa na mtumbwi uleule, kimea kilekile, na lugha zinazosikilizana bila mkalimani, kwa hiyo pombe haikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa biashara: soda, biskuti na sukari ya magunia ziliyafuata mashirika na mishahara yao, na zilipokwisha kambi hazikuondoka.

Watu wakikimbia hubeba ladha, na China ina mfano maarufu. Shen Kuo, mwanazuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba watu wa kusini hupenda chumvi na wa kaskazini hupenda utamu. Leo kila Mchina atakuambia kinyume chake: kusini kutamu, kaskazini chumvi. Katikati ya kauli hizo mbili kuna anguko la Kaifeng mwaka 1127, pale ufalme wa Song ulipokimbilia kusini na kuweka makao Hangzhou pamoja na umati wa watu wa kaskazini. Wapo wanaoeleza kuwa wakimbizi hao ndio waliopanda utamu katika vyungu vya kusini. Kama ndivyo, nyama ya mji wa kusini wa Wuxi inayopikwa na mabonge ya sukari ni chakula cha wakimbizi.

Nyama hiyo ilisogea karibu na Ngara kuliko mtu angetarajia. Kuanzia mwaka 2017 kampuni za Kichina zilikuwa Rusumo zikifanya kazi za saruji za mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mafundi kutoka China na vibarua wa Ngara walifanya kazi kando ya maporomoko yale yale ambayo Mjerumani von Götzen aliyavukia mwaka 1894. Watu wa pande hizi mbili wana mila mbili zilizopindana kabisa: Mchina kwa kawaida hunywa chai bila sukari hata chembe na anaweza kutia sukari kwenye nyama, Mhangaza hutia sukari kwenye chai mpaka kijiko kisimame na angeiona nyama yenye sukari kuwa imeharibika. Kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake hajui kula. Ningetoa ushahidi upande wa Mchina kwenye chai na upande wa Mhangaza kwenye nyama, lakini hilo ni tumbo langu.

Mgomba wenyewe sasa ni mgonjwa. Mwaka 2006 ilithibitishwa kuwa mnyauko bakteria, ambao wakulima wa Kagera wanauita unyanjano, umeingia mkoani, na ukasambaa wilaya baada ya wilaya. Unapiga aina nyingi, lakini ndizi za pombe zina maradhi zaidi, kwa sababu nyuki na wadudu wengine hufuata utamu wa ua dume linaloning'inia chini ya mkungu na kubeba bakteria kutoka shina hadi shina. Dawa hakuna. Kilichopo ni kulivunja lile ua mapema kwa kijiti chenye panda, bila panga, kung'oa shina lililougua, na kuchoma moto zana kabla ya kuhamia shamba jingine. Mashamba yaliyofuata hivyo yamepona. Yaliyodharau yamegeuka ya mahindi, na mtumbwi umepasuliwa kuni.

Sukari nayo imeonyesha tabia yake. Mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, mwanzoni mwa mwaka 2024 kilo moja ilizidi shilingi 4,000 sehemu nyingi nchini, na serikali ikalazimika kutangaza bei elekezi. Watu walilalamika kana kwamba wamekatiwa maji.

Basi msomaji wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura au Lusahunga, ukiwa bado na mzee anayejua kuchagua ndizi za shimo, kutofautisha nyasi za kukandia na kusikiliza mtungi kwa sikio ajue siku gani umefika, nenda naye shambani msimu huu na daftari. Andika majina ya ndizi kwa lugha yake, kipimo cha mtama, idadi ya siku. Na kabla hujaondoka, mvunjie maua dume kwa kijiti.